Makombe Manane, Uwanja wa Kupanga

Julai 28, 1979, katika uwanja wa VFL Park nje ya jiji la Melbourne, Fitzroy iliichapa klabu iitwayo Melbourne pointi 238 kwa 48. Tofauti ni pointi 190. Tangu ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia ianze mwaka 1897, hakuna aliyeshinda kwa pengo kubwa kuliko hilo, na rekodi hiyo ingali imesimama. Klabu iliyoiweka ndiyo isiyosimama. Miaka 17 baadaye iliondolewa kwenye ligi, na vipigo vya uwanjani havikuwa sababu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: timu mbili za watu 18 kila moja hucheza kwenye uwanja wenye umbo la yai, ule ule unaochezewa kriketi msimu wa joto ukifika. Golikipa hakuna, wavu hakuna. Kila mwisho wa uwanja zimesimama nguzo nne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya zile mbili za ndani ni goli, pointi 6. Ukipita kando yake, pointi 1. Ndiyo maana mtu anaweza kufungwa 238 na asiwe ameota.

Fitzroy ni kitongoji kilichopakana na katikati ya Melbourne. Zamani kilikuwa mtaa wa wafanyakazi: nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, viwanda vya viatu, kiwanda kikubwa cha chokoleti cha MacRobertson, na baa za kutosha. Klabu ilianzishwa mwaka 1883 na ilikuwa miongoni mwa nane zilizounda ligi kuu hiyo, iliyoitwa VFL. Ilitwaa ubingwa mara nane: 1898, 1899, 1904, 1905, 1913, 1916, 1922 na 1944.

Ubingwa wa 1916 una kichekesho chake. Kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zilicheza timu nne tu. Fitzroy ilishinda mechi 2 kati ya 12, ikatoka sare moja, ikamaliza ya mwisho. Lakini kanuni iliziruhusu timu nne za juu kuingia hatua ya mtoano, na nne ndizo zilizokuwapo. Fitzroy ikaamka, ikashinda zote, ikaifunga Carlton kwenye fainali. Msimu mmoja, mkia na ubingwa kwa pamoja.

Watu wake nao walikuwa wa kujivunia. Haydn Bunton alipata medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa ligi, mara tatu: 1931, 1932 na 1935. Doug Nicholls, Mwaborijini ambaye Carlton walimfukuza kwa maneno ya ubaguzi, alipokewa Fitzroy mwaka 1932, na Bunton ndiye aliyekwenda kukaa naye chumba cha kubadilishia nguo. Nicholls alikuja kuwa Gavana wa Australia Kusini mwaka 1976. Kevin Murray alicheza mechi 333 akiwa na jezi hiyo. Mwaka 1983 Bernie Quinlan alifunga magoli 116 kwa msimu mmoja. Nayataja haya ili msomaji asidhani tunazungumzia timu ya mchangani. Kama makombe na majina makubwa yangekuwa dhamana ya benki, Fitzroy isingefilisika kamwe.

Tatizo lilianza pale ambapo hesabu za magoli hazifiki. Uwanja wa nyumbani, Brunswick Street Oval, ulikuwa mali ya halmashauri, na klabu iliutumia kama mpangaji. Majukwaa yalichakaa na mivutano juu ya nani atengeneze nini haikuisha. Mwaka 1966 Fitzroy ilicheza mechi yake ya mwisho ya ligi pale. Mwaka uliofuata ikahamia Princes Park, ambako mwenyeji ni Carlton. Mwaka 1970 ikaenda Junction Oval, kitongoji cha St Kilda, upande wa pili wa jiji kabisa. Mwaka 1985 ikawa Victoria Park, kwa majirani na mahasimu wake Collingwood. Mwaka 1987 ikarudi Princes Park. Mwaka 1994 ikahamia Western Oval, nyumbani kwa Footscray. Katikati ya hayo, mwaka 1991 na 1992, mechi chache zikapelekwa Hobart, kisiwani Tasmania, kutafuta watazamaji.

Mpangaji halipi kodi tu. Mapato ya baa, ya chakula, ya mabango na ya viti vya wakubwa humwendea mwenye uwanja. Wakati huo huo kitongoji chenyewe kilikuwa kikibadilika: familia zilizorithishana ushabiki zilihamia pembezoni mwa jiji, na kwenda kuitazama timu yao zilipaswa kuvuka mji hadi kwa watu wengine. Wachezaji nao walianza kudai mishahara ya kweli.

Hapa ndipo viongozi wa vilabu wanapaswa kusoma polepole. Kipindi ambacho Fitzroy ilikuwa ikioza ndani, uwanjani ilikuwa ikipendeza. Ile rekodi ya 1979 iliwekwa na timu isiyo na uwanja. Mwaka 1986 ilifika nusu fainali ya mwisho, mechi moja tu kabla ya fainali kuu, na mwaka huo huo hazina yake ilikuwa imekauka kiasi kwamba ligi ilipendekeza ihamie Brisbane, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka nyumbani. Ikakataa. Kilichosaidia ni fedha za watu wengine: klabu mpya mbili, West Coast na Brisbane Bears, zilitozwa dola milioni 4 kila moja ili kuingia ligi mwaka 1987, na fungu hilo likagawiwa kwa wakongwe. Ushindi ukaleta furaha, ada za wageni zikaleta pumzi, na swali la nyumba na mapato likaachwa kwa mwaka ujao. Mwaka ujao haukufika.

Mwaka 1989 ligi ilitangaza kuiunganisha Fitzroy na Footscray. Safari hiyo Footscray ndiyo iliyokuwa hoi zaidi. Mashabiki wake, wakiongozwa na mwanasheria Peter Gordon, walikwenda mahakamani kuomba muda, kisha wakapita mlango kwa mlango na ndoo za kuchangisha. Baada ya wiki kama tatu fedha zikapatikana na muungano ukafutwa. Footscray walikuwa na uwanja wao mtaani na watu waliokaa karibu nao, hivyo mchango ulijua pa kuanzia. Klabu hiyo ilitwaa ubingwa mwaka 2016.

Fitzroy ilichagua njia nyingine. Ilikopa. Mkopeshaji alikuwa Shirika la Bima la Nauru, mali ya serikali ya kile kisiwa kidogo cha Pasifiki kilichotajirika kwa fosfeti, ambako mpira wa Kiaustralia ndio mchezo wa taifa. Kiasi kilikuwa dola milioni 1.25. Kukopa harusi, kulipa matanga: fedha zilitumika kusogeza siku, si kujenga chochote cha kuingiza fedha nyingine. Juni 28, 1996, Nauru ilichoka kusubiri na kumweka msimamizi juu ya mali za klabu. Kuanzia siku hiyo, wanachama na wakurugenzi hawakuwa na kauli. Aliyekuwa na kauli ni mwenye deni.

Fitzroy ilikuwa imekwisha kukubaliana na North Melbourne, jirani wa mji mmoja, waungane, na ligi ilikuwa imetenga dola milioni 6 kwa vilabu viwili vitakavyoungana. Vilabu vingine viliogopa kwamba timu hiyo ingekuwa na nguvu kupita kiasi. Hofu yao haikuwa ya bure, maana North Melbourne peke yake ndiyo iliyokuwa bingwa mwaka huo. Julai 4 wenyeviti wa vilabu wakaichagua Brisbane Bears iungane na Fitzroy badala yake. Mji ule ule ambao Fitzroy iliukataa kwa hiari mwaka 1986 ndiko ilikopelekwa bila hiari, pamoja na wachezaji wanane na nembo yake ya simba kifuani. Kwanza wachezaji walimaliza msimu wakiwa Fitzroy. Kati ya mechi 22 walishinda moja, dhidi ya Fremantle, na mechi ya mwisho kabisa, Septemba 1, 1996 mjini Perth, walifungwa na Fremantle hao hao kwa pointi 86.

Klabu iliyotokana na muungano huo, Brisbane Lions, ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2001 hadi 2003. Wako mashabiki wa Fitzroy waliolia kwa furaha, na wako ambao hawajatazama ligi hiyo tena. Mkopeshaji naye hakupona. Fosfeti ilikwisha, madeni yakaifika Nauru yenyewe, na mwaka 2004 Nauru House, ghorofa 52 katikati ya Melbourne, ikauzwa.

Kampuni ya klabu ya Fitzroy haikufutwa. Ilitoka mikononi mwa msimamizi, ikatulia kwa muda, na mwaka 2009 ikaingia ligi ya ridhaa ya Victoria, ambako mchezaji halipwi. Inachezea Brunswick Street Oval, mbele ya jukwaa la mwaka 1888. Uwanja bado ni wa halmashauri.