Muumba Aliyekimbia

Frankenstein ilipochapishwa London mwezi Januari 1818, jina la Mary Shelley halikuwemo kitabuni. Lilikuwemo jina la pili la riwaya yenyewe: Prometheus wa Kisasa. Wasomaji wengi hulipita haraka. Wanajua kwamba Prometheus aliiba moto wa miungu akaadhibiwa, basi wanaona Victor Frankenstein naye anaadhibiwa kwa kuingilia kazi ya Mungu. Usomaji huo unamsahau mlalamikaji mkuu, yaani kiumbe aliyeumbwa na Victor.

Prometheus wa kale ana sura nyingi. Kwa Hesiod ni mjanja aliyemhadaa Zeus kwa nyama ya kafara, kisha akauficha moto ndani ya bua na kuwapelekea wanadamu. Tamthilia ambayo kwa mapokeo ni ya Aeschylus inasema pia aliwafundisha hesabu, maandishi na tiba. Ovid, Mrumi, ndiye anayemtaja kama mfinyanzi wa mwanadamu, kwa udongo na maji. Prometheus aliishia kufungwa minyororo, tai akimla ini lililoota upya kila usiku. Hata hapo hakuwakana watu.

Victor amerithi mikono ya mfinyanzi huyo, si moyo wake.

Usiku mmoja wa Novemba, huko Ingolstadt, kiumbe aliyemhangaikia karibu miaka miwili anafumbua jicho la manjano. Victor anakimbilia chumbani. Kiumbe anamfuata hadi kitandani, anajaribu kutabasamu, ananyoosha mkono. Victor anakimbia tena. Hampi hata jina.

Moto nao kiumbe anaukuta mwituni, umeachwa na ombaomba. Anafurahia joto lake, anaingiza mkono kwenye makaa, anautoa akilia kwa maumivu. Hana wa kumwelekeza. Anagundua mwenyewe kwamba kuni mbichi hazishiki mpaka zikaushwe kando ya moto. Hapa ndipo riwaya inapokaribiana zaidi na hekaya ya Kigiriki, na ndipo inapoumiza zaidi: moto upo, mletaji hayupo.

Mary alikuwa na sababu ya kulifikiria jambo hili. Mama yake, Mary Wollstonecraft, alifariki siku chache baada ya kumzaa mwaka 1797. Mapema mwaka 1815 Mary alimpoteza binti yake wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya wakati. Katika shajara yake aliandika kwamba aliota mtoto hakufa, alishikwa na baridi tu. Wakamsugua mbele ya moto, akawa hai. Mwaka uliofuata, karibu na Geneva, akaanza kuandika habari za mtu anayeutia mwili uhai kisha anaukimbia.

Katika riwaya hii Mungu hashuki kumwadhibu Victor. Kiumbe mwenyewe ndiye anayekuwa tai: anamuua mdogo wa Victor, rafiki yake, kisha mke wake. Hakuna anachosema kinachofuta damu hiyo, lakini hoja aliyomtolea Victor kwenye barafu ya Alps haijajibiwa: kwamba aliyemleta duniani alikuwa na wajibu kwake, na kwamba upweke ndio uliomharibu.

Victor anaisikia hoja hiyo hadi mwisho. Akikata roho melini, karibu na Ncha ya Kaskazini, anakiri kwamba alipaswa kumtafutia kiumbe wake furaha, ila wajibu wake kwa wanadamu ulikuwa mkubwa zaidi. Anauchunguza mwenendo wake wote na haoni lawama. Katika ungamo hilo, usiku ule wa Ingolstadt hautaji kabisa.