Huyu Mkatie kwa Macho Tu



Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, mama mmoja wa ushirika wetu alikuja kwenye veranda ninaposhonea. Mama, kama ni wewe unasoma, usikasirike. Hapo mbele nitajitaja mwenyewe, na langu ni baya kuliko lako. Alikuwa na watoto watatu na mfuko wa nguo za sokoni. Nguo zenyewe zilikuwa nzuri. Aliamka mapema akawahi beli likifunguliwa, akapata sketi mbili pana, longi ya mzee ya kitambaa kizito, na shati la mikono mirefu ambalo halikuwa na kasoro ila kola. Akaniambia, "Mama Fundi, hapa nataka zitoke nguo za hawa wote."

Nikachukua tepu. Nikampima wa kwanza, nikampima wa pili. Nilipomgeukia wa tatu, msichana mrefu aliyekuwa ameegemea nguzo, mama akasema, "Huyo usijisumbue, mkatie kwa macho tu. Ni wa marehemu shemeji."

Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu husema chumvi imeisha. Ndiyo maana neno lile limenikaa kifuani mpaka nimeomba nafasi katika jarida hili niandike.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Wako ndugu wanaofundisha kwamba kuvaa mitumba ni roho ya umaskini, na wengine hawavai mpaka waiombee, kwa kuogopa aliyeivaa kwanza. Hata jirani zetu wa Tanzania zamani waliita nguo hizi kafa Ulaya. Kuomba ni vizuri, ombea nguo yako, sikukatazi. Lakini mimi nimelea watoto kwa nguo hizi na sitazionea haya. Beli la kilo 45 linashuka Mombasa, linapita Gikomba, linafika Kibuye kule Kisumu, na kutoka hapo wafanyabiashara wetu wanalileta Oyugis, Homa Bay, Rongo, Migori hadi Isebania. Mwenye jicho hapati nguo tu hapo, anapata kitambaa. Longi ya mtu mzima huchakaa magoti na makalio, lakini nyuma ya mapaja kitambaa kinabaki kizima, na hapo unapata kaptura ya mtoto wa miaka sita. Kama imepauka, unaigeuza, ndani inakuwa nje, na rangi inarudi. Sketi moja pana inatoa magauni mawili ya wasichana wadogo. Vifungo na zipu zinaingia kwenye mkebe wa Kimbo, hazitupwi. Dorkasi wa Yopa angekuwa Rongo leo, naamini tungemkuta amechutama sokoni saa kumi na mbili asubuhi akipekua kama sisi.

Kwa hiyo sipingi kubana matumizi. Swali langu ni hili: tukibana, anayebanwa ni nani?

Wauza mitumba wana maneno yao mnayoyajua. Nguo safi za kwanza kutoka kwenye beli wanaziita kamera. Zile zinazobaki chini jioni, zimekanyagwa, bei ya kutupa, ni fagia. Sokoni hakuna kosa hapo. Aliyewahi na mwenye pesa anachukua kamera, mwingine anasubiri jioni. Shida ni pale soko linapoingia nyumbani, na mezani pako kuna mtoto wa kamera na mtoto wa fagia.

Sisi wa Homa Bay na Migori hatuhitaji kufundishwa yatima ni nani. Miaka ile kabla dawa za kupunguza makali hazijafika kwenye zahanati zetu, ni boma gani halikuzika? Watoto waligawanywa matangani, huyu aende kwa mjomba, yule kwa nyanya, huyu kwa mama mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa mama mdogo. Dada yangu alifariki mwaka 2003, akaniachia mvulana wa miaka tisa. Wangu wa kuzaa alikuwa na saba. Nilimpokea bila kunung'unika, na watu walinisifu. Kanisani nilisifiwa pia. Niliitwa kwenye semina ya akina mama kufundisha jinsi ya kuvisha familia kwa pesa kidogo, nikasimama mbele na nguo za watoto wangu mkononi, wote wakapiga makofi.

Miaka miwili baadaye mama yangu alikuja kututembelea kutoka Rodi Kopany. Wajukuu walikuwa wanacheza nje. Akamtazama kijana wa dada kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ile longi ya kahawia imetoka kwa nani. Nikamwambia ilikuwa ya mdogo wake, imembana, nikaiongeza kipande chini na kingine kiunoni. Nilisema kwa kujivunia, maana viungo vyenyewe vilikuwa vimenyooka.

Mama akaniuliza, "Tangu lini nguo ikapanda?"

Sikuwa na jibu. Jamani, mimi ni fundi. Najua kwamba nguo huteremka kama maji ya mto, kutoka kwa mrefu kwenda kwa mfupi. Mkubwa anaachia mdogo, na hakuna anayeonewa, maana kinachoamua ni urefu tu. Lakini kwangu mkubwa alikuwa anavaa masalio ya mdogo. Maji yalikuwa yanapanda mlima, na maji hayapandi mlima bila mtu kuyasukuma.

Usiku ule nilizitoa nguo zao zote nikazitandaza kitandani. Za wangu zilikuwa zimekatwa kutoka longi za baba yake, kila moja imepimwa. Za yule mwingine zilikuwa na viraka vya kuongeza, kipande hapa, kipande pale, rangi mbili, rangi tatu. Nikatafuta hata moja niliyomkatia yeye tangu mwanzo. Hakukuwa. Kisha nikapiga hesabu, na hapo ndipo nilipoogopa. Kuongeza longi ile ya kahawia kulinichukua saa mbili, uzi, na mafuta ya taa. Longi ya mtu mzima, ambayo ningeipunguza kwa nusu saa ikamtosha vizuri, ilikuwa shilingi 50 sokoni jioni. Kwa hiyo hata pesa sikuwa nimeokoa. Nilikesha na taa nikifanya kazi ngumu zaidi, kusudi tu kijana yule asipate kitu kilichoanza kuwa chake. Na hicho ndicho nilichokifundisha semina, nikakiita kubana matumizi.

Najua yale tunayojitetea nayo, kwa sababu niliyatumia yote. La kwanza ni kwamba bila mimi angekuwa wapi. Ni kweli, labda angekuwa mjini akiokota makopo. Lakini neno hilo linamgeuza mtoto kuwa mdeni, na kila sahani ya ugali inaandikwa kwenye daftari lake. Yeye hakuja kwangu kukopa, alikuja kwa sababu mama yake amekufa. La pili, ati watoto hawajui tofauti. Kwani wewe ulipokuwa mdogo hukujua? Mtoto hajui kusoma lakini anajua nani amekatiwa na nani ameongezewa.

La tatu ni gumu, na sitalipita haraka. Mama mmoja aliniuliza waziwazi: "Kwani Mungu anataka nimpende huyu sawa na niliyemzaa?" Wahubiri wengi wangejibu ndiyo upesi. Mimi nitasema lililo kweli kwangu. Nimeliombea jambo hili miaka mingi, kwa kufunga na kwa kesha, na mpaka leo sijapewa moyo ulio sawasawa. Wote wawili wakiniita usiku, nadhani mguu wangu ungeelekea kwa wangu kwanza. Labda wako waliopewa, na nawashukuria. Lakini niligundua kwamba nilikuwa nangoja moyo unyooke ndipo mkono ufuate, na wakati huo mtoto anakua, baridi inampiga, na miaka ya utoto haingojei mtu amalize kuomba. Mchungaji hutufundisha kwamba upendo huanza moyoni ukatoka nje kwa matendo. Anisamehe, kwangu njia ilikuwa kinyume. Moyo wangu haukuwa sawa, lakini tepu ni sawa. Inchi 26 ni inchi 26, haiulizi nani alimzaa. Nikaanza na tepu.

Kuna jambo katika Samweli wa Kwanza, sura ya 2, mstari wa 19, ambalo nililisoma miaka kama msomaji, mpaka siku moja nikalisoma kama fundi. Hana alikuwa akimshonea Samweli kanzu ndogo kila mwaka na kumpelekea Shilo walipokwenda kutoa dhabihu. Jiulize basi, alimpimaje? Mtoto yuko mbali, anamwona mara moja kwa mwaka, naye anakua. Ni lazima Hana alipomwona alimtazama vizuri, bega limefika wapi, mkono umerefuka kiasi gani, akarudi nyumbani na kipimo kichwani, akaongeza kidogo kwa ajili ya mwaka unaokuja. Kijana wa dada yangu alikuwa analala mita tatu kutoka kitandani kwangu, na sikujua upana wa bega lake. Hana aliijua ya mtoto aliyemtoa. Mimi sikuijua ya mtoto niliyepewa.

Na tukisoma Mwanzo 37, tunawasema sana ndugu zake Yusufu kwa wivu wao, na wana makosa, sikatai. Lakini tumwulize na mzee. Alikuwa na wana kumi na wawili, na kanzu ya pekee alipata ya mmoja. Alifikiri anavisha mtoto. Hakuona anavua wengine.

Kuna nyumba ambazo kitambaa ni kimoja kweli, hakuna kamera wala fagia. Nilijifunza hilo mwaka 2020, serikali ilipozuia uingizaji wa mitumba kwa ajili ya korona, toka mwisho wa Machi hadi Agosti. Bei ilipanda, na veranda yangu ikajaa mapazia, mashuka, hata kanzu za kwaya, watu wakitaka zigeuzwe. Ukikaa kwenye cherehani unaona ya ndani ya nyumba za watu. Niliona mama aliyeleta pazia moja kwa watoto wanne, akasema aanze mrefu, mabaki yatatosha wafupi, na kama hayatoshi basi mdogo atavaa shati la baba akilikunja mikono mpaka Mungu afungue mlango. Mmoja wa wale wanne hakuwa wake. Nilijua tu kwa sababu alinitajia majina ya ukoo. Kwa nguo nisingejua kamwe.

Kijana wa dada yangu sasa ni mtu mzima, ana kazi na mke. Miaka michache iliyopita nilimwita tukiwa wawili, nikamwomba msamaha kwa zile nguo. Alicheka kidogo, akasema, "Mama mdogo, ile ya kahawia mbona niliipenda." Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli au alikuwa ananihurumia. Sikumwuliza tena.

Turudi pale verandani. Nilimwambia yule mama kwamba kupima ni bure, bei haibadiliki. Akanitazama, akamtazama msichana, akanyamaza. Kisha akasema, "Sogea basi, upimwe."

Msichana akasogea. Hakujua kusimama kwa kupimwa. Aliinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, nikamwambia ishushe kidogo, binti, legea, sikutekenyi. Kifua inchi 28, kiuno 24, urefu wa gauni 36. Kwa kuwa yeye ndiye mrefu, ilibidi achukue ile sketi pana zaidi peke yake, na wadogo wakagawana ya pili, mmoja gauni, mwingine blauzi, na longi ikatoa sketi ya wa katikati. Niliandika vipimo vya wote watatu kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Nikamwuliza msichana anataka gauni lifungwe kwa vifungo au kwa zipu. Akafikiri sana. Akasema vifungo, lakini viwe vya rangi moja.

Nikauleta mkebe, akaanza kuchagua.