Betri za Droni na Amri ya Kuzima Taa



Usiku mmoja mjini Madina nyumba iliungua na wenyewe wamo ndani. Habari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia masahaba kwamba moto ni adui yao, basi wauzime wanapokwenda kulala. Hayo kayasimulia Abu Musa al-Ashari, wakayapokea Bukhari na Muslim. Katika hadithi ya Jabir imetajwa na sababu: panya huburuta utambi wa taa, nyumba ikawaka na watu wake. Imamu Nawawi alipoisherehesha akasema taa za kuning'inia misikitini, kama hakuna hofu ya kuunguza, hazina ubaya, kwa kuwa ile sababu haipo. Hukumu basi inaifuata sababu. Taa za utambi wengi wetu hatuna tena; sababu tunayo, na siku hizi tunalala nayo chumbani.

Nasema na vijana wetu wa droni. Kazi yenu ni ya halali. Mwaka 2019 mashamba ya mpunga ya Cheju, Unguja, yalinyunyiziwa kwa droni dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, na nani atasema hilo si jambo la kheri? Harusi nazo siku hizi zinaonekana hazijakamilika mpaka ile ndege izunguke juu ya watu. Kama kweli zinakamilika nayo, hilo tuliwekee Ijumaa nyingine.

Sasa harusi imekwisha saa sita za usiku. Kijana amerudi hoi, betri zake bado za moto kwa kuruka, na asubuhi ana kazi nyingine. Anazichomeka zote kwenye ekstensheni iliyolala juu ya godoro, anashusha chandarua, anazima taa, anasoma dua ya kulala. Taa kaizima, moto kauacha.

Maana ndani ya betri ya lithiamu mna majimaji yanayowaka. Seli nyingi zimetengenezwa zisipite volti 4.2, na zipo za aina nyingine zinazofika 4.35, ndiyo maana chaja ya mwenzako, hata plagi ikiingia sawasawa, haikufai. Seli ikilazimishwa kupita kipimo chake, au ikiwa imeharibika ndani, hutoa gesi na joto, na joto hilo huzidi kujichochea lenyewe. Ikishafika hapo, kuchomoa waya hakusaidii kitu.

Mtaniambia: ustadhi, chaja za siku hizi zinakata zenyewe. Kweli, zinakata. Lakini chaja inapima volti, haijui kwamba juzi droni iligonga mnazi na seli moja ikapondeka. Hilo utalijua wewe kwa mkono wako. Betri iliyokuwa ikiteleza yenyewe mahali pake, leo mpaka uisukume. Ukiilaza mezani inayumba, tumbo limejaa. Hiyo imevimba. Usiichaji tena, usiitoboe kutoa upepo, na usiitupe jalalani watoto wanakookotea vyuma. Itenge nje, mbali na chochote kinachoshika moto, na uliza ulikoinunua namna ya kuisalimisha.

Iliyo nzima iache ipoe kwanza. Watengenezaji wengi wanataka ichajiwe kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 40, na betri iliyotoka angani mchana wa jua letu huenda imevuka hapo. Ichaji ukiwa macho na upo karibu, juu ya sakafu ya saruji au vigae, si kwenye mkeka wala chini ya pazia. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, hata kama unaingia kuswali mara moja tu.

Ramadhani harusi husimama na droni hulala kabatini mwezi mzima. Hapo wengi huziacha betri zimejaa pomoni, au tupu kabisa kama zilivyotua mara ya mwisho, na hali zote mbili huziua. Ziweke nusu, asilimia 40 hadi 60, yaani volti 3.8 hivi kwa kila seli, mahali pakavu penye ubaridi. Si haba, utaokoa na fedha yako.

Lakini fedha ni yako, jirani si wako kumhatarisha. Wengi wetu tumepanga vyumba kwenye nyumba moja: ukumbi mmoja, paa moja, madirisha yana nondo, mlango wa mbele unafungwa usiku kwa kufuli. Bibi wa chumba cha mwisho hajui hata droni ni nini. Mtume aliamrisha anayepita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Betri unazobeba kwenye begi ndani ya daladala, pamoja na funguo na sarafu, zina ncha zake pia: zizibe kwa selotepu. Ukisafiri kwa ndege zichukue mkononi, betri za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini.

Na moto ukitokea, toeni watu kwanza, mfunge mlango, muite zimamoto. Moshi wake ni sumu. Betri iliyoonekana kuzimika yaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo asirudi mtu ndani kuokoa kamera.

Kama yupo hapa aliyeziacha betri zake kwenye chaji akaja Ijumaa: Ibn Umar anasimulia kwamba Mtume baada ya Ijumaa alikuwa akirudi nyumbani kwake na kuswali rakaa mbili. Imamu akishatoa salamu, nenda kaziswali huko. Chomoa kwanza.