Nani Aliyesema ni Urembo Tu?

Mwanya tunausifia. Lakini meno yakipandana, tunambandika mwenyewe jina la utani, na akitaka kuwekewa waya tunamwambia, "Huo ni urembo tu."

Uingereza wana kipimo cha mwaka 1989, IOTN: daraja 1 hadi 5 kwa afya ya meno, kisha picha 10 za kulinganisha mwonekano. Ukifikisha kiwango kabla ya miaka 18, serikali inalipa. Huku kwetu kipimo ni mfuko wa mzazi.

Sasa haja ni nini? Mimi nasema usiangalie meno pekee, angalia alichoacha kufanya. Msichana wa miaka 17 anayecheka akiziba mdomo, asiyechangia darasani hata akijua jibu, tayari analipa. Na sisi tuliomcheka ndio hao hao tunaoiita haja yake anasa.