Giaboksi Mpya, Breki za Zamani

Land Rover fupi ya turubai, Series III, ile ambayo kioo chake cha mbele unaweza kukilaza juu ya boneti, ni gari linalopendwa kwa namna ambayo mwenye gari la kisasa haelewi. Ilitengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985, na huku Tabora wengi wanaikumbuka mikononi mwa wamisionari na watumishi wa serikali. Bodi yake ni ya aluminiamu, haishiki kutu. Injini ikichoka inafunguliwa chini ya mwembe. Ndiyo maana bado zipo, na ndiyo maana kila mwenye nayo, siku moja, hushawishika kuibadilisha giaboksi.

Kisa hiki ni cha gari moja la namna hiyo pale Choma cha Nkola, wilayani Igunga. Nimekiunga kutokana na mambo yanayowapata wenye magari haya, na wahusika sitawapa majina. Lakini kila chuma kinachovunjika humu ndivyo kinavyovunjika kweli.

Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara wa mpunga. Gari alilirithi kwa baba yake mdogo, dereva wa misheni aliyeuziwa gari hilo alipostaafu. Siku za kazi lilikwenda mashambani kubeba magunia. Jumamosi likavuliwa turubai, likaoshwa, likafungwa vitambaa, likabeba maharusi wamesimama nyuma huku matarumbeta yakifuata kwenye gari jingine. Watu waliagiza gari hilo kutoka Nkinga, Ziba hadi Nzega mjini, na pesa ya harusi ilikuwa nzuri kuliko ya mpunga.

Shida ilikuwa mwendo. Injini ile ya dizeli ya lita 2.25 ina nguvu za farasi 62 tu, na giaboksi yake ina gia nne. Kwenye lami ya Igunga kwenda Singida, gari linatulia kwenye kilomita 70 kwa saa. Ukililazimisha 100 injini inazunguka karibu na mwisho wa uwezo wake, na aliyekaa pembeni yako hakusikii. Mabasi yalimpita, malori yalimpita, na maharusi wakaanza kuuliza kama hana gari jingine.

Ndipo akasikia kuna Discovery iliyopinduka, injini yake ya 300Tdi ni nzima, na giaboksi ya gia tano nzima. Fundi mmoja akamwambia, "Bosi, hiyo inaingia." Na fundi hakudanganya. Injini ile inaingia katika Series, na huko Uingereza kwenyewe wengi wamefanya hivyo. Lakini ukifungua boneti na kuona injini imekaa vizuri, unaona kazi imekwisha, kumbe kazi kubwa iko nyuma ya giaboksi, chini ya gari.

Kabla ya kulipa alikwenda Tabora mjini kumwona mzee mmoja aliyejifunzia kazi katika karakana ya reli. Tabora ni mji wa mafundi tangu reli ilipofika mwaka 1912. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana Wajerumani, ni katika karakana ya reli ya Tabora ambamo ziligongwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo ya kazi hakadirii chuma kwa jicho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Kaa. Umekuja na habari gani?"

Akaeleza. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo halikuhusu giaboksi hata kidogo: "Breki zako umezifungua lini?"

"Zinashika, mzee."

"Zinashika kwa mwendo gani, mwanangu?"

Akamweleza kwamba gari linalokwenda 100 lina nguvu ya kuzuiwa mara mbili ya lile linalokwenda 70, na nguvu hiyo yote lazima iishie kwenye breki kama joto. Land Rover fupi ina breki za drami matairi yote manne, drami za inchi 10, na gari lile lilikuwa na mfumo mmoja wa bomba, maana yake bomba likipasuka popote, pedali nzima inakwenda chini. Kisha akainama chini ya meza yake ya kazi akatoa hafu-shafti iliyokatika, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka kwenye difu hadi kwenye tairi. Akaishika karibu na mlango ili mwanga uiangukie. Upande unaoingia kwenye difu ulikuwa na meno 10, na meno yale hayakuwa yamenyooka tena. Yalikuwa yamejipinda kuzunguka chuma kwa kiasi cha nusu kidole, kisha ndipo shafti ikakatika, na pale ilipokatikia palimemeta punje kama chumvi.

"Hii ilitoka kwenye gari la mtu aliyeongeza injini akaacha difu," alisema. "Anza na breki, usukani, springi, hafu-shafti. Giaboksi iwe ya mwisho."

Yule bwana aliondoka amekasirika kidogo. Pesa alizokuwa nazo mfukoni zilitosha injini na giaboksi. Hazikutosha mambo ya mzee.

Hebu tulitazame jambo hili kama wazee wa njia ya misafara walivyolitazama. Mpagazi wa Kinyamwezi kutoka Tabora hadi Bagamoyo alipewa mzigo wa takriban frasila mbili. Walioupanga walijua kwamba mpagazi ana goti, ana nyayo, ana safari ya miezi mbele yake, na hakuna aliyepima mzigo kwa ukubwa wa bega peke yake. Gari nalo lina magoti yake. Injini ya zamani ya lita 2.25 ilisukuma kwa takriban nyutonimita 140. Ile ya 300Tdi inasukuma kwa 265. Ukiwa kwenye gia ya kwanza na transfa iko kwenye gia nzito, giaboksi, transfa na difu kwa pamoja huizidisha nguvu hiyo zaidi ya mara 40 kabla haijafika kwenye tairi. Hafu-shafti iliyotengenezwa kwa ajili ya 140 sasa inapokea karibu maradufu. Discovery ile ilipotoka kiwandani ilipewa hafu-shafti za meno 24. Za Series zilibaki na 10 zilezile.

Kazi ikafanyika. Giaboksi ya zamani ikauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, pamoja na injini. Giaboksi mpya na transfa yake ni ndefu kuliko ya kwanza, na gari lenyewe ni fupi, kwa hiyo propela ya nyuma ikabidi ikatwe kwenye lezi na kuchomelewa. Ikawa fupi mno, ikasimama kwa mwinuko mkali kati ya transfa na difu. Krosi zake, vile viungo vya ncha zake, ambazo zilizoea kufanya kazi karibu zimenyooka, zikawa zinajikunja kila mzunguko. Fundi akajaza oili nzito ya namba 90, ile iliyokuwa ikiwekwa kwenye giaboksi ya zamani. Giaboksi ya gia tano ina pampu ndogo ndani yake na imetengenezwa kwa oili nyepesi, kama ile ya giaboksi za otomatiki. Asubuhi gia zikawa ngumu kuingia, naye akaambiwa ni upya.

Wiki za kwanza zilikuwa za furaha, na sioni sababu ya kumnyima furaha hiyo. Gari lilikwenda 100 na watu ndani wakazungumza. Bei ya harusi ikapanda.

Kifuku kikafika. Mbuga za Choma na Manonga ni udongo mweusi ambao ukilowa unalifunika tairi mpaka meno yake hayaonekani. Akiwa na magunia ya mpunga, akaweka gia nzito, akakanyaga mafuta. Tairi la nyuma likazunguka bure, likachimba, kisha likakuta mzizi na kushika ghafla. Mlio ulikuwa mmoja tu. Hafu-shafti ilikatika palepale ilipokatikia ile ya mzee. Alipomwaga oili ya difu kwenye beseni, chini yake palikuwa na vipande vya jino na unga wa chuma unaong'aa. Akanunua hafu-shafti iliyotumika, ya meno 10 vilevile, akairudisha. Baada ya muda krosi ya propela ikaanza kulia, akaibadilisha, ikalia tena. Usukani nao ukawa unarukaruka kwenye kona, kwa sababu transfa ya Discovery inasukuma matairi ya mbele wakati wote, na mhimili wa mbele wa Series una krosi za kawaida ambazo hazizungushi tairi kwa mwendo sawa linapokata kona. Kila jambo lilionekana kuwa bahati mbaya ya siku yake. Hakuna aliyekaa akayapanga pamoja.

Halafu ikaja harusi ya Singida.

Kwenda walipanda vizuri. Mlima Sekenke, unaoinuka kutoka tambarare ya Wembere baada ya Shelui, gari lilipokuwa na injini ya zamani lilikuwa likiupanda kwa gia ya pili na kusali. Safari hii lilipanda kwa gia ya tatu, watu wakishangilia. Kurudi ilikuwa jioni, nyuma wamekaa watu sita kwenye benchi za pembeni, turubai limevuliwa, hakuna mkanda hata mmoja. Akaanza kuteremka Sekenke kwa gia ya tano.

Madereva wa malori wanaoijua njia ile huingiza gia nzito kabla ya mteremko kuanza, na injini ndiyo inayolizuia gari. Yeye alitegemea pedali. Drami ikipata joto inatanuka, inakimbia viatu vya breki, na pedali inashuka. Akikanyaga tena joto linaongezeka. Oili ya breki, iliyokuwa ya miaka mingi na imenyonya unyevu, ikachemka ndani ya silinda za matairi, na mguu wake ukagusa sakafu. Akajaribu kurudisha gia ya tatu. Kwa mwendo ule, na oili nzito ile, haikuingia, akabaki hana gia kabisa.

Alifanya jambo moja la busara siku hiyo: alilielekeza gari kwenye ukingo wa mlima badala ya bondeni. Lilipanda tuta, likalala ubavu. Mabomba ya turubai, ambayo kazi yake ni kushikilia kitambaa na wala si watu, yakakunjika. Hakufa mtu. Binti mmoja alivunjika mfupa wa bega, na mzee wa upande wa bwana harusi alivunjika mguu na mpaka leo anatembelea fimbo. Polisi walipotazama kadi ya gari, namba ya injini iliyoandikwa haikuwa ile iliyokuwa chini ya boneti, na watu wa bima wakaanza na maswali kabla ya malipo. Mpunga wa misimu miwili ulikwenda kwenye matibabu.

Ningeweza kuishia hapo, lakini wapo wasomaji wenye magari haya na wenye nia ileile, na nia yenyewe si mbaya. Oktoba 2024 mamia kwa mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha, na nyingi zilikuwa na vyuma ambavyo hazikuzaliwa navyo. Zilifika salama kwa sababu kuna waliotangulia kufanya kazi isiyoonekana.

Kazi hiyo inaanza kwenye breki. Drami za mbele za inchi 11 za Land Rover ndefu zinafungika kwenye ile fupi kwa marekebisho madogo. Badilisha mabomba yote na oili yake, na weka masta silinda ya mifumo miwili, ili bomba la mbele likipasuka breki za nyuma zibaki. Hafu-shafti tafuta zilizoimarishwa. Kama gari ni fupi, mwambie fundi akupimie mwinuko wa propela kabla hujanunua chochote. Uliza oili ya giaboksi kwa jina la giaboksi yenyewe. Gari la turubai linalobeba watu lifungwe mabomba mazito yaliyobanwa kwenye chesisi, pamoja na mikanda. Na kadi ya gari ibadilishwe namba ya injini wiki hiyohiyo.

Ikiwa unachotaka ni mwendo wa lami tu, ipo ovadraivu iliyotengenezwa na Fairey, inayofungwa nyuma ya transfa ileile ya zamani. Kwa mzunguko uleule wa injini inakuongezea kasi kwa takriban asilimia 28, bila kuziongezea difu na hafu-shafti nguvu ambayo hazijaizoea. Kwangu mimi gari lile la Choma lilihitaji hiyo, pamoja na breki nzuri, na harusi zingeendelea.

Mwenye gari sasa anatafuta giaboksi ya gia nne ili alirudishe lilivyokuwa, na nzima hazipatikani kirahisi. Kwa hiyo wewe uliyeitoa ya kwako wiki hii, usiiuze kwa kilo. Ijaze oili, izibe matundu, ifunge kwenye gunia, iweke ndani pasipo unyevu.