Meli iliyoziba mfereji na maji ya Nyumba ya Mungu



Ndugu msomaji, bila shaka unaikumbuka ile meli ya mizigo iitwayo Ever Given, iliyokwama katika Mfereji wa Suez nchini Misri tarehe 23 Machi, 2021. Ilikuwa na urefu wa mita 400, sawa na viwanja vinne vya mpira vikiunganishwa, na ilibeba makontena zaidi ya 18,000 ikielekea Rotterdam, Uholanzi. Pua yake ilichoma ukingo mmoja, mkia ukaegemea wa pili, na njia yote ikazibika. Kwa siku sita hakuna chombo kilichopita. Nyuma na mbele yake zilipanga foleni meli zaidi ya 400, zikiwemo zilizobeba mifugo hai, wanyama wasiojua lolote kuhusu biashara ya dunia ila kiu na njaa yao. Nasi Waswahili hatukuwa mbali na jambo hilo. Tangu mfereji ule ulipofunguliwa mwaka 1869, mizigo mingi ya Ulaya inayokuja Mombasa, Tanga na Dar es Salaam imepita pale.

Siku zile watu walisema mengi. Wapo waliosema ni upepo tu, na kweli siku ile kulikuwa na upepo mkali na vumbi la jangwani. Wapo pia, na hawa niliwasikia hata misikitini, waliosema kwa uhakika kwamba ile ni adhabu ya Allah kwa watu fulani. Hawa wa pili wanastahili kuulizwa: nani amewapa habari hizo? Kumsemea Allah (s.w.) bila ya elimu ni jambo zito, na Qur'an imelikataza waziwazi (Al-A'raf, 7:33).

Turejee katika Qur'an yenyewe. Katika Suratush-Shura (42:32-34) Allah anatutajia vyombo vinavyokwenda baharini vikiwa mfano wa milima, kuwa ni katika ishara zake. Anatukumbusha kwamba akitaka huutuliza upepo, vyombo vikabaki vimesimama juu ya maji. Kisha inafuata aya ambayo wengi tunaipita haraka: kwamba anaweza pia kuviangamiza kwa sababu ya yale waliyoyachuma watu, ingawa mengi huyasamehe. (Wapo waliodhani aya hii ilikuwa ya zama za matanga, na kwamba injini imetutoa humo. Basi safari hii upepo haukutulia, ulivuma, na injini haikufaa kitu.) Angalia jinsi upepo na chumo la mikono ya watu vilivyotajwa pamoja. Aliyeshika upepo peke yake ameisoma nusu ya maneno.

Hata mkuu wa Mamlaka ya Mfereji wa Suez, Osama Rabie, siku chache baada ya tukio alisema kwamba upepo haukuwa sababu pekee, na kwamba huenda palikuwa na hitilafu ya mitambo au kosa la binadamu. Mabaharia wanalijua jambo hili. Meli kubwa ikipita katika njia nyembamba na kukaribia ukingo, maji yaliyobanwa kati ya ubavu wake na ukingo hukimbia kwa kasi, nguvu yake ya kusukuma hupungua, na mkia wa meli huvutwa ukingoni huku pua ikigeukia upande wa pili. Kadiri meli ilivyo nene na kadiri inavyokwenda mbio, ndivyo inavyovutwa zaidi.

Na ni nani mwenye dhamana? Wenye meli walikuwa Wajapani. Kampuni iliyoiendesha kibiashara ni ya Taiwan. Bendera ilikuwa ya Panama, usimamizi wa kiufundi ulikuwa wa kampuni ya Kijerumani, mabaharia 25 wote Wahindi, na ndani yake walikuwemo marubani wa mfereji, Wamisri. Amana ikigawanywa vipande vingi namna hii, kila mmoja hunyoosha kidole kwa mwenzake. Walioumia ni wale mabaharia, waliokaa na meli ile imezuiliwa huko Misri hadi tarehe 7 Julai, 2021, wakubwa wakibishania mamilioni ya dola za fidia.

Meli ilitokaje? Walikuja na mashine za kuchimba, wakatoa mchanga unaokadiriwa mita za ujazo 30,000 chini ya pua yake, wakafunga matagi wakavuta usiku na mchana. Haikutoka. Kisha ukafika mwezi mpevu, mwezi wa katikati ya Shaaban 1442, maji ya bamvua yakajaa, na tarehe 29 Machi meli ikaelea. Wanafunzi wangu waliniuliza: sasa ni matagi au ni mwezi? Nikawajibu kwa hadithi ya Tirmidhi, ya yule bwana aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake ama amwache na kutawakali, akaambiwa amfunge kisha atawakali. Wasingechimba, bamvua lingepanda na kushuka, meli ikabaki palepale. Na wangechimba bila bamvua, huenda wangekuwa wanachimba hadi Ramadhani.

Lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya Misri. Mfereji mwembamba wa watu wengi tunao hapa kwetu, nao ni Nyumba ya Mungu.

Bwawa hili lililojengwa miaka ya 1960 linapokea maji ya Kikuletwa na ya Ruvu, yanayoteremka kutoka Kilimanjaro, Meru na Upareni. Yakitoka hapo ndiyo Mto Pangani, unaopita Kirya, Korogwe na Hale mpaka baharini, ukizungusha mitambo ya umeme njiani. Na mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji hapohapo. Mama wa Same aliyenunua maji kwa dumu miaka yote sasa bomba lake linaanzia Nyumba ya Mungu. Basi atakayeliharibu bwawa hili, kwa kulima mpaka ukingoni udongo ukaporomokea ndani, au kwa kukata bomba njiani anyweshe shamba lake, ameegesha meli yake katikati ya mfereji na walio nyuma yake ni wilaya nzima.

Wazee wa Kipare walilielewa hili. Walijenga ndiva, maji yakakusanywa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu, na aliyeiba zamu ya mwenzake aliadhibiwa. Mtume (s.a.w.) naye aliamua shauri kama hilo Madina, kama alivyopokea Bukhari. Zubayr (r.a.) na mtu mmoja wa Ansari waligombea mfereji. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume akamwambia anyweshe, kisha ayaachie maji yamfikie jirani. Yule Ansari akalalamika kwamba ni kwa sababu Zubayr ni binamu yake, na uso wa Mtume ukabadilika, ndipo akampa Zubayr haki yake kamili: azuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba, kisha ayaachie. Hata hiyo haki kamili ina kikomo. Aliye juu hakupewa ruhusa ya kuyabakisha yote.

Kisha kuna wavuvi. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha uvuvi katika bwawa hili kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha, perege wakivuliwa wangali wadogo kwa nyavu za matundu madogo. Wengi wa wavuvi wale ni ndugu zetu, tunasali nao safu moja. Ukimuuliza mmoja wao atakwambia: mimi natafuta riziki ya watoto, simdhuru mtu. Hayo ndiyo maneno ya wale wa chini katika hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), waliopanda jahazi kwa kura, wakaona usumbufu kupanda juu kuteka maji, wakasema watoboe tundu katika sehemu yao wasiwaudhi walio juu. Nia yao ilikuwa njema kabisa! Mtume (s.a.w.) hakuwataja kuwa ni waovu. Alisema tu kwamba wakiachwa wataangamia wote, na wakishikwa mikono wataokoka wote.

Msisitizo uko kwa wale wa juu, waliotakiwa kushika mikono. Bodi ya maji ya bonde ipo, halmashauri zipo, kamati za wavuvi zipo, na makhatibu tupo. Tunaulizana nani aanze, kama wale wa Ever Given. Ninawaomba maimamu wa Kirya, Mwanga na Same kwamba Ijumaa moja kabla ya mvua za masika khutba iwe ya nyavu na kingo za bwawa, kwa majina yake na bila mafumbo, na baada ya swala wavuvi wabaki wasikilizwe nao, maana wana la kusema kuhusu bei ya nyavu halali.