Jina la Dawa na Bei Yake

Tumfikirie mama wa Ruangwa, au jirani yake wa Nachingwea, ambaye fedha za korosho zimekwisha zamani, naye ameandikiwa cheti cha dawa ya mtoto. Cheti chasema Augmentin. Aingia dukani, aambiwa bei, arudi nyumbani mikono mitupu. Labda rafuni palikuwa na dawa nyingine ya amoksisilini na asidi ya klavulani, kipimo kile kile, kwa bei nafuu. Mama hakuuliza, mwuzaji hakusema.

Je, mwuzaji huyo ametenda kosa? Hakusema uongo, twakubali. Lakini mnunuzi wa kanga huishika nguo na kuipima kwa macho yake. Penye dawa mnunuzi ni kipofu, na mwenye macho ni mmoja tu. Kunyamaza kwa mtu wa namna hiyo twaona ni kumpunja mgonjwa, hata kama mizani haikuguswa.

Wala mama asione haya kuuliza. Jina la asili huandikwa kwenye pakiti pamoja na jina la biashara. Shirika la Afya Duniani lilianza kutangaza orodha za majina hayo mwaka 1953. Panadol ni parasetamoli. Coartem ni dawa mseto ile ile ya malaria tuiitayo ALu. Wako wadhanio, hata waliosoma, kwamba rahisi ni hafifu. Kumbe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba yapaswa kuipima kila dawa kabla ya kuisajili. Ila dawa chache, kama zile za kifafa, zisibadilishwe kabla ya kumwuliza daktari.